Iafoni za Fundi wa Msata, Nilizozipima kwa Sauti ya Bibi



Kila msimu wa harusi unapokaribia, kabla ya Ramadhani na baada ya mfungo mosi, napata swali lile lile kutoka kwa mabibi harusi: "Dada, iafoni gani nzuri isiyo ghali? Nataka za kusikilizia Qur'ani na darsa huko niendako." Wengine huongeza kwamba wangependa ziwe za hapa hapa kwetu. Nimekuwa nikijibu kwa mkato, mstari mmoja na dua. Leo najibu kwa urefu, maana jibu langu lina habari ndani yake ambayo nimekaa nayo miezi mitatu nikijiuliza niiandike au niiache. Mume wangu ameisoma kabla yenu na ameridhia. Kafuta sentensi moja tu.

Kwa mgeni: mimi ni mtoto wa Makunduchi, Unguja, na nimeolewa Msata, mkoa wa Pwani. Msata si mjini wala si shamba kabisa. Ni njia panda. Barabara ya kilomita 64 inayotoka Bagamoyo kupitia Makofia inaishia hapa, na hapa inakutana na ile ya Chalinze kwenda Segera, Tanga, Moshi na Arusha. Tangu barabara ya Bagamoyo iwekwe lami, mabasi mengi ya Dar hupita huku badala ya kuzunguka Chalinze. Basi hakuna saa ambayo husikii lori linapunguza gia. Wiki ya kwanza nilidhani kuna mvua inakuja kila usiku.

Nyumba ya mama mkwe iko hatua chache kutoka barabarani. Chumba chetu na chumba cha wifi yangu vinatenganishwa na ukuta usiofika dari. Ukikohoa huku, kule unaambiwa pole. Sasa bibi harusi mwenye mazoea ya kusikiliza Suratul Mulk kabla ya kulala, na mwenye mwalimu anayemrekodia somo la tajwidi kwa WhatsApp kutoka Unguja, atafanya nini? Atavaa iafoni.

Nilikuja na moja, nikanunua ya pili, na ya tatu nilitengenezewa. Nitazieleza zote, lakini kwanza niseme nilizipima kwa nini.

Madukani wanajaribu iafoni kwa muziki. Kijana anakuwekea singeli au bongofleva, besi inapiga mpaka kwenye meno, anakutazama: "Unaisikia hiyo?" Unaisikia. Lakini wewe hukuja kununua ngoma. Wewe unataka kusikia maneno, na maneno hayakai kwenye besi. Irabu zetu, a na e na i na o na u, zina nguvu zake kwenye sauti nene na za kati. Herufi kama s, sh, f na th ni upepo tu unaopita kwenye meno na midomo. Upepo wa s uko juu sana, zaidi ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Wa sh unaanzia chini kidogo ya hapo. F na th ni hafifu zaidi ya zote. Iafoni iliyojazwa besi huzimeza hizo. Simu za mezani za zamani zilipitisha mitetemo baina ya 300 na 3,400 tu, ndiyo maana mtu akitaja jina lake alilazimika kusema "S ya Salma" au "F ya Fatma."

Mimi nilitumia kipimo cha chuoni. Nilichukua kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, yule ambaye rekodi yake ya Qur'ani nzima ya mwaka 1961 inatajwa kuwa ya kwanza kukamilika. Ukimsikiliza al-Husary huna la kuisingizia sauti, kila herufi ameiweka mahali pake, tena kwa utulivu. Kama huzisikii, kosa ni la kifaa. Niliangalia thaa na siin, halafu siin na saad, halafu haa ya kooni na haa ya kifuani.

Za kwanza zilikuwa zisizo na waya, zawadi kutoka kwa rafiki zangu wa skuli. Kiboksi cheupe kama yai, ukikifungua taa inawaka, tena inasema kitu kwa Kiingereza sikioni. Nilizipenda kwa uzuri. Baadaye niliuliza bei, nikaambiwa zilinunuliwa Kariakoo kwa shilingi 25,000. Boksi limeandikwa limetengenezwa China, kama mengine yote niliyowahi kuyageuza. Siin na saad zilitofautika vizuri, maana uzito wa saad huingia mpaka kwenye irabu inayoifuata, na irabu zilikuwa zinasikika. Thaa na siin ndiyo kilio. Zote zilikuwa "ss" moja iliyofunikwa na blanketi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoandika kuhusu iafoni hawalisemi, labda kwa sababu hawavai mitandio. Hizi za Bluetooth zinaongozwa kwa kugusa. Ukigusa mara moja zinasimama, mara mbili zinaruka mbele. Mtandio nao unagusa kila ukigeuza shingo. Nimewahi kuinama kupepeta mchele, al-Husary akanyamaza, nikainuka akaendelea, nikageuka nikajikuta niko sura nyingine kabisa. Ukivaa mtandio wa kubana ndio zaidi, unazikandamiza mpaka sikio linauma. Na ukiwa unamsomea mwalimu kwa simu, mara tu kinasa sauti cha iafoni kinapoanza kazi, sauti unayoipokea wewe inashuka na kuwa kama ya redio ya mbali. Hilo si ubovu wa ile uliyonunua. Ndivyo Bluetooth nyingi zinavyofanya kazi, haziwezi kupeleka na kupokea sauti nzuri kwa pamoja. Mwalimu wangu aliniambia, "Wewe mbona siku hizi unarudia makosa nikishakusahihisha?" Nilikuwa sisikii sahihisho lenyewe.

Ya kulia ilikufa betri mwezi wa saba.

Za pili nilizinunua kwenye dirisha la basi. Nilikuwa narudi kutoka Tanga msibani, tukasimama Msata, na kabla sijashuka vijana walishafika na mbao zao zilizoning'inizwa korosho, chaja, leso na iafoni za waya. Shilingi 3,000. Kushuka kwenyewe nilikuwa nashuka hapo hapo, lakini dirishani bei ina utamu wake. Hizi sitazisema sana. Upande mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mwingine kwa sauti, na thaa haikuwepo kabisa. Ili nisikie chochote malori yakipita nilipandisha sauti mpaka mwisho, na usiku masikio yakawa yanalia kama jiko la mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Masikio yakilia baada ya kuvua iafoni, ujue umeshavuka. Waya wake ulikatika ndani ya wiki tatu, pale unapoingia kwenye pini, panapokatika zote.

Nikazipeleka kwa fundi.

Fundi wa simu wa stendi ya Msata ni kijana mdogo, meza yake iko chini ya mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka mpaka huwezi kujua ulikuwa wa kampuni gani. Ana miwani ya kukuza na pasi ya kuchomea risasi. Alizitazama zile za dirishani akacheka kwa adabu.

"Dada, hizi nikikutengenezea nitakuwa nimekuibia."

"Kwa nini?"

"Spika zake ni za mdoli. Lakini kama huna haraka, nitakuundia."

Nilidhani ni maneno ya biashara. Kumbe ana kopo la mafuta ya kujipaka limejaa iafoni zilizokufa, zile zinazokuja ndani ya maboksi ya simu za zamani, zilizokatika waya huku spika zake zikiwa nzima. Alichukua betri ya saa ya ukutani, akagusisha ncha za waya, akasikiliza: "tk." Akachukua nyingine: "tk." Nyingine haikusema kitu, akaitupa. Nikawa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kumtazama, na ndipo nilipojifunza kitu ambacho nimevaa iafoni miaka yote bila kukijua. Waya wa ndani una nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa rangi, nyekundu, kijani na ya dhahabu, na rangi hiyo ndiyo inayozizuia zisigusane. Ukiziunga bila kuichoma rangi, risasi haishiki. Wengi wanaojaribu nyumbani kwa kiberiti wanashindwa hapo, au wanachoma mpaka shaba yenyewe. Yeye alipitisha ncha ya pasi na tone la risasi, moshi ukafuka kidogo, nyuzi zikang'aa. Waya aliutoa kwenye iafoni moja, pini kwenye nyingine, spika kwenye ya tatu.

Nilipovaa nikaweka al-Husary. Sauti ilikuwa safi lakini ya ajabu, kama sheikh amesimama nyuma ya kichwa changu na besi yote imekimbia. Nikamwambia hivyo hivyo, nikaona haya, nikijua atadhani nimechanganyikiwa. Yeye akapiga paja: "Nimegeuza waya wa upande mmoja!" Spika mbili zikipishana, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, sauti inayotakiwa kukaa katikati inapotea. Akafungua upande wa kushoto, akabadilisha nyuzi mbili, akafunga. Sheikh akarudi mbele yangu.

Thaa ikawa thaa. Wallahi nilikaa pale kwenye ndoo, basi la Arusha linapiga honi, nikasikia ulimi wa mtu aliyefariki mwaka 1980 ukigusa ncha ya meno yake.

Alinitoza shilingi 4,000. Alama za kulia na kushoto zilikuwa zimefutika, nikapaka nukta ya rangi ya kucha upande wa kulia, kichupa kilichokaa tu kwenye begi tangu harusi, maana na udhu mara tano nani ana muda wa kukitumia.

Kwa hiyo kwa wale mnaouliza za kwetu: Kenya ilifungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River mwaka 2023, na Rwanda ilianza na Mara Phones Kigali mwaka 2019. Boksi la iafoni lililoandikwa limetengenezwa Tanzania mimi sijalitia mkononi. Nilizonazo zimetengenezwa Msata, chini ya mwavuli, na boksi hazina.

Sasa ile habari.

Usiku wa singo yangu, Makunduchi, bibi yangu mzaa mama alinipa maneno. Nilikuwa nimefunikwa kanga kichwani, nimepakwa kila kitu, wanawake wamejaa chumbani, feni inazunguka, na mimi nalia kama bibi harusi yeyote. Mdogo wangu aliweka simu juu ya mto akarekodi. Dakika saba na sekunde chache. Bibi alifariki mfungo tano, miezi minne baadaye. Rekodi ile ndiyo sauti yake niliyonayo.

Huku nyuma, mwezi wa pili wa ndoa, mume wangu aliniomba nimkopeshe mahari yangu. Ilikuwa shilingi milioni 1.2, nilikuwa nimeitenga ninunue cherehani ya umeme na ya kupiga ovaloki, nishone hapa barabarani, madera na sare za skuli. Pikipiki yake ilikuwa imekufa injini na yeye anaitegemea kwa kazi. Nilimpa. Nilimpa kwa moyo, sitasema uongo. Alisema miezi mitatu.

Miezi mitatu ikawa sita. Nikiuliza: "Subiri kidogo, mke wangu." Ikawa tisa. Nikamgusia mama mkwe kwa mbali, akasema ndoa ni subira, mwanangu. Nikamgusia shoga yangu kwa simu, akasema shukuru hakupigi, subiri. Ikafika mahali hata kuuliza nikaacha, nikawa nakasirikia vitu vingine, kijiko kilichowekwa vibaya, kandambili mlangoni. Ndani ya nafsi yangu nilikuwa najipa thawabu: mimi ni mwenye subira.

Na kila nikichoka nilikuwa naweka rekodi ya bibi. Iafoni za zawadi sikioni, uso ukutani. Katikati ya maneno yake, dakika ya nne, nilikuwa nasikia: "Mjukuu wangu, subira ni yako. Lakini... subiri... subira." Kitu kama hicho. Bibi hakuwa na meno ya mbele, feni inavuma, rekodi yenyewe imebanwa na WhatsApp mara mbili. Nilijijazia mwenyewe. Nilisikia bibi ananiambia subiri, subiri, kama wote. Kisha kwenye rekodi wanawake wanacheka, kicheko kikubwa, mtu anapiga kigelegele. Sikuwahi kujiuliza wanacheka nini. Nani anacheka bibi harusi akiambiwa asubiri?

Usiku ule nilipotoka kwa fundi niliweka rekodi, nia yangu ni kujaribu sauti tu, niandike mapitio. Ikafika dakika ya nne.

"Lakini usiite shubiri subira."

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Mara sita, labda saba. Sh ilikuwa pale, pana na ya chini, na s yake nyembamba inaifuata. Kwa meno yale yasiyokuwepo bibi alikuwa ametamka zote mbili tofauti, na mimi mwaka mzima nilikuwa nazisikia moja. Na baada yake maneno ambayo nilikuwa siyapati kabisa, kwa sababu sauti yake ilishuka: kwamba shubiri hupakwa kwenye ziwa ili mtoto aliache, haipakwi ili azoee. Ndipo wanawake wakacheka.

Kwa wadogo zangu mliokulia kwenye maziwa ya kopo: shubiri ni ule mti mchungu wa majani manene yenye utomvu, na mama zetu waliutumia kweli kuwaachisha watoto. Anayeonja hurudi nyuma. Hakuna anayemwambia mtoto avumilie.

Sikuamini masikio yangu, nikamtumia mama ile sehemu. Akajibu asubuhi: "Shubiri. Hukusikia siku ile? Sote tulivunjika mbavu." Nikamwambia nilikuwa chini ya kanga nalia. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, halafu akaniuliza, "Kwani kuna nini huko?"

Nikamwambia hakuna kitu, mama. Halafu nikamwambia.

Mama hakusema niondoke wala nikae. Aliuliza, "Mliandikiana?" Hatukuandikiana. Nani anaandikiana na mume wake mwezi wa pili? Mama akasema basi anza hapo. Na kweli, dada zangu, sote tumeisoma chuoni: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni. Mimi nilikuwa nimeihifadhi.

Nilingoja siku mbili mpaka Ijumaa baada ya Isha, ameshakula, ameshaoga. Nilikuwa natetemeka. Nilimwambia nataka tuzungumze kuhusu mahari yangu, kwamba ilikuwa mkopo, kwamba imepita miezi kumi na miwili, na kwamba si kijiko wala kandambili kilichokuwa kinanikasirisha. Alianza na "Subiri kidogo..." Nikamwambia, mume wangu, sikiliza hiki. Nikampa upande mmoja wa iafoni, wenye nukta nyekundu, mimi nikavaa wa kushoto. Tulikaa kitandani waya ule umetuunganisha, tukamsikiliza bibi.

Hakucheka. Aliuliza shubiri ni nini, kwao haijulikani kwa jina hilo, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu. Hapa ndipo palipokuwa na sentensi aliyoifuta.

Jumapili aliandika mwenyewe, kwenye karatasi ya daftari la mdogo wake: shilingi milioni 1.2, atalipa 100,000 kila mwisho wa mwezi, na mama yake na shemeji yangu mkubwa wakaweka majina kama mashahidi. Mama mkwe aliuliza kwa nini mambo ya chumbani yanatolewa sebuleni. Sikumjibu, na kusema kweli bado haijatulia kati yetu. Ananiita kama kawaida lakini sauti imepungua sukari. Mwezi wa kwanza alileta 100,000. Wa pili akaleta 60,000 na akasema mwenyewe, bila mimi kuuliza, kwamba 40,000 zimebaki. Huu wa tatu tuko tarehe 19.

Narudi kwenye iafoni, nisije nikaambiwa nimewatapeli kichwa cha habari.

Ukienda kununua, usikubali wimbo wa kijana wa dukani. Beba kwenye simu yako sauti ya mtu anayesema, iwe kisomo, darsa au ujumbe wa mama yako. Sikiliza kwa sauti ya chini, tena nje ya duka, barabarani, maana huko ndiko utakakoivaa. Kama husikii s na sh mpaka upandishe, rudisha. Mpira wa sikioni ujaribu wa saizi tatu kama zipo. Usioziba vizuri hupoteza besi, unaobana sana utaumia chini ya mtandio. Kama unasoma na mwalimu kwa simu, chukua ya waya. Waya upitishe ndani ya buibui, utokee ubavuni. Na nyumba ya ukweni acha sikio moja wazi, usije ukaitwa mara tatu hujaitika "abee," ukaonekana una kiburi kumbe uko na al-Husary.

Kama una uwezo wa 25,000 na unataka zisizo na waya, wapo waliozipata nzuri, sizuii. Jaribu kwa herufi tu. Kama huna, tafuta fundi wako. Muulize spika anazitoa wapi, mwambie ajaribu kwa betri mbele yako, na ukiona sauti iko nyuma ya kichwa mwambie abadilishe nyuzi za upande mmoja. Usione haya.

Zangu zina ubovu. Pini imeanza tena kulegea, nikitembea upande wa kushoto unakatika, nimeupitisha uzi wa kushonea na gundi. Fundi amesema nilete Jumatatu, hatanitoza. Rekodi ya bibi nimeihifadhi sehemu tatu, kwenye simu yangu, kwenye ya mdogo wangu na kwenye kadi niliyoifunga kwenye fundo la kanga. Na kule kwa fundi chini ya mwavuli nimeshaulizia meza iliyo pembeni yake, ile ya muuza vocha aliyehamia Lugoba. Cherehani ya mkono ninaweza kuanza nayo wakati nasubiri ya umeme.